Chaneli za antena zimepotea: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Chaneli zikipotea kwenye televisheni inayotumia antena, watu wengi hukimbilia busta (kifaa cha kukuza mawimbi), au antena mpya yenye boksi kubwa la kuvutia. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu cha bei ndogo kuliko hivyo: waya uliochoka au jeki iliyoingia maji. Ndiyo maana orodha hii haianzi na antena. Tumeipanga kwa kuangalia kinachorudisha chaneli nyingi kwa pesa kidogo, kwa nyumba za Tanzania na Kenya zinazopokea matangazo ya dijitali kwa antena (mfumo wa DVB-T2), iwe kwa king'amuzi cha pembeni au kwa televisheni ambayo king'amuzi chake kiko ndani.

Kabla hujatoa pesa

Angalia kwanza zimepotea zipi. Tangu analojia izimwe (Dar es Salaam kuanzia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya mwaka 2015), chaneli hazirushwi tena kila moja kwa masafa yake. Hufungwa pamoja, nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kundi zima likiondoka huku kundi jingine liko safi, usihangaike na chaneli moja moja: ni masafa hayo ambayo hayakufikii vizuri. Yakiondoka yote kwa pamoja, tafuta waya uliokatika, jeki iliyochomoka au antena iliyogeuzwa na upepo. Ikiondoka chaneli moja tu, antena yako haina kosa. Stesheni imehama, mitambo yao imezimika, au kifurushi chako kimeisha. Muulize jirani mwenye antena kama yako. Jibu lake linaweza kukuokolea safari ya dukani.

Halafu fungua menyu uangalie vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Ubora ndio unaoamua picha. Vyote viwili vikiwa chini, tatizo liko kwenye waya, antena au kimo. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yanafika lakini yamechafuka: busta imezidisha, mnara wa simu uko karibu, au mawimbi yanagonga ghorofa na kurudi. Asilimia za king'amuzi kimoja usizilinganishe na za kingine, maana kila kiwanda kina kipimo chake.

Jambo moja muhimu: usitafute chaneli zote upya wakati mawimbi yako chini. Ving'amuzi vingi hufuta orodha ya zamani kabla ya kuandika mpya, na utabaki na orodha tupu. Tengeneza mawimbi kwanza, ndipo utafute. Au tumia utafutaji wa mkono: weka namba ya masafa unayotaka, upana uwe MHz 8.

1. Waya na jeki

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Omba RG6, aina ya waya wa antena, nyeusi ya ohm 75. Nyeusi kwa sababu ganda lake huvumilia jua; nyeupe ya ndani ya nyumba ikipigwa na jua juu ya bati hupasuka, na maji huingia. Muuzaji akikukatia, tazama kichwa cha waya. Kiini kiwe na unene wa karibu mm 1, kizungukwe na plastiki nyeupe, kisha karatasi ya alumini, kisha wavu wa nyaya nyembamba. Wavu ukiwa mchache kiasi kwamba karatasi inaonekana wazi kila mahali, hiyo ni RG6 ya maandishi tu. Waya mzima uwe na unene wa karibu mm 7. Ule mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi la antena uuache humo humo.

RG6 nzuri hupoteza karibu desibeli 2 (kipimo cha kukua au kupungua kwa mawimbi) kila mita 10 kwenye UHF, masafa yanayobeba chaneli hizi. Nyembamba hupoteza zaidi, na desibeli 3 ni nusu nzima ya mawimbi. Pima urefu kwa kamba kabla ya kwenda dukani, ongeza mita moja, na usiunganishe vipande viwili njiani.

Jeki za kufunga kwa nati ni bora kuliko za kusukuma. Menya ganda la nje karibu mm 13, kunja wavu nyuma, menya plastiki nyeupe mm 6 hadi 7, kisha ingiza jeki mpaka shaba itokeze mm 2 au 3 nje ya ukingo wa nati. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa shaba ya kati, chaneli zote zinakufa, na king'amuzi kinachotoa umeme kwenye tundu la antena kinaweza kuandika kuwa kuna shoti. Upande wa nje funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si selotepu wala tepu nyeusi ya umeme peke yake. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Kwa wakazi wa Pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara, Mombasa na Zanzibar: fungua jeki ya juu uitazame. Ukiona ukijani kwenye shaba au unga mweupe kwenye alumini, ni chumvi. Kusugua hakusaidii kwa muda mrefu. Kata sehemu iliyoliwa mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, weka jeki mpya. Kama wavu umekuwa mweusi hata baada ya kukata mita moja, badilisha waya wote.

Mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) ana uhakika zaidi. Chomoa waya pande zote mbili. Kati ya shaba na wavu, mita isisome kitu. Kisha gusanisha shaba na wavu upande mmoja, upime upande mwingine: isome ohm chache tu. Usipime antena ikiwa bado imeunganishwa, kwa sababu antena nyingi husoma kama shoti hata zikiwa nzima.

Na kama kuna spilita inayogawa televisheni mbili, itoe kwa muda, unganisha moja kwa moja. Spilita ya njia mbili hula desibeli 3.5 hadi 4 kila upande. Chaneli zikirudi, umeshapata jibu bila kununua kitu.

2. Bomba la kupandishia

Bomba la chuma la inchi 1¼, mita 3 hadi 6, lenye vishikizo viwili ukutani. Kuipandisha antena juu ya paa la jirani na matawi ya mwembe kunaweza kufanya kazi ambayo hakuna busta itakayoifanya. Majani yakilowa hunyonya mawimbi ya UHF, ndiyo maana baadhi ya nyumba hupoteza chaneli kila msimu wa masika. Kaa mbali na nyaya za umeme: bomba likianguka lisiweze kuzigusa. Kwenye maeneo ya radi nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria, liunganishe na ardhi, na chomoa antena kabla mvua haijafika.

3. Yagi ya UHF isiyo na busta

Kwa nyumba iliyo nje kidogo ya mji, au iliyofichwa na kilima, hii ndiyo antena ya kwanza. Ni ile ya fimbo ndefu yenye vijiti vilivyopangwa mbele. Vijiti 12 hadi 20 vinatosha. Faida yake ni desibeli 10 hadi 14 bila kutumia umeme, hivyo haina cha kuungua.

Dukani pima kwa rula kile kijiti kilichoshikana na kisanduku cha waya. Kwa UHF kinapaswa kuwa na urefu wa sm 20 hadi 32. Vya mbele ni vifupi zaidi. Antena yenye vijiti virefu tupu vya karibu mita moja ni ya VHF, masafa yaliyo chini ya UHF, ya zama za analojia, na haitakusaidia. Ukiikuta iliyoandikwa 470–694 MHz, chukua hiyo mbele ya ile ya 470–862, kwa kuwa haijatengenezwa kubeba masafa ya juu ambayo siku hizi hutumiwa na intaneti ya simu.

Angalia pia antena za majirani vijiti vimelala au vimesimama, ufunge yako hivyo hivyo. Ukikosea, unaweza kupoteza mawimbi mengi hata kama umeelekeza mnara barabara.

4. Antena ya pembetatu

Vijiti virefu nyuma, vifupi mbele. Faida yake ni ndogo kuliko ya Yagi, lakini hupokea kwa usawa masafa ya chini na ya juu, ni fupi, na upepo hauipati sana. Kwa mtu wa mjini anayeuona mnara au aliye karibu nao, tungeiweka juu ya Yagi. Inafaa hasa pale kundi moja la chaneli likija na jingine likigoma kwa antena ya zamani.

5. Busta

Busta haitengenezi mawimbi. Inakuza kilichofika, pamoja na uchafu wake. Inafaa kwa sababu mbili tu: waya mrefu unaozidi mita 20, au kugawa televisheni kadhaa. Nunua ya kufunga juu, karibu na antena, si ya kuweka nyuma ya televisheni ambako mawimbi yameshapotea njiani. Desibeli 15 zinatosha nyumba nyingi. Zile za 30 na zaidi, ukiwa karibu na mnara, huzidisha mpaka king'amuzi kinashindwa kusoma, na chaneli zilizokuwepo nazo zinaondoka.

Uliza inatumia volti 5 au 12. Ya volti 5 inaweza kupata umeme kutoka kwenye king'amuzi, lakini lazima uwashe sehemu ya umeme wa antena kwenye menyu. Ukirudisha king'amuzi kwenye mipangilio ya kiwandani, sehemu hiyo huweza kuzimika, na chaneli zote hupotea siku hiyo hiyo. Televisheni nyingi hazitoi umeme huo kabisa. Hapo utahitaji adapta. Spilita iliyo katikati nayo iwe ya kupitisha umeme.

6. Antena bapa ya ndani

Kwa ghorofani tu, dirishani, upande wa mnara. Chini ya paa la bati na dirisha la nondo, usiinunue.

7. Ya kuzunguka kwa rimoti

Iache dukani. Boksi limeandikwa maili 150, ila dunia ni mviringo na mawimbi ya UHF hayapindi kuifuata umbali wote huo. Ndani yake kuna antena ndogo, busta kubwa, mota na waya mwembamba. Mota ikishika kutu, antena inabaki imeangalia upande ilipokwamia.

Chochote ulichonunua, wakati wa kuelekeza geuza kidogo kidogo, kisha subiri sekunde tano, kwa kuwa kipimo cha ubora huchelewa. Elekeza ukiangalia kundi la chaneli lililo dhaifu zaidi, si lile lililo zuri. Ukishapata, kaza nati, tafuta chaneli upya, na andika asilimia za nguvu na ubora kwenye karatasi uibandike nyuma ya televisheni. Chaneli zikipotea tena, utaanza kwa kulinganisha namba hizo.