Kiatu cha suti Nairobi: mguu kwanza, soli ya pili, ngozi ya tatu

Nilimpelekea fundi wangu wa Mtaa wa Tom Mboya jozi ya viatu vyeusi niliyokuwa nimeivaa mara nne tu. Akavigeuza, akavikunja, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ncha. "Soli naweza kubadilisha. Kisigino nitaweka kipya. Uzi nitashona. Lakini kidole chako, mkubwa, kinagonga ukuta, na huo ukuta sina namna ya kuusogeza." Vilikuwa ngozi safi na vilinigharimu shilingi elfu sita. Nikampa shemeji yangu, mwenye mguu mfupi, na mpaka leo huvipaka kiwi Jumapili asubuhi nikiwa nimekaa pale pale.

Tangu hapo nanunua kwa mpangilio huo wa kwenye kichwa cha habari. Mng'aro hauna nafasi, kwa kuwa mng'aro ni kiwi na kitambaa.

Mguu

Usiiamini namba iliyopigwa ndani ya kiatu. Kipimo cha Uingereza huongezeka kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, na kile cha Ulaya bara kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Kwa hiyo 8 ya Uingereza huuzwa kama 42, na kama 9 ya Marekani, lakini hesabu hizo hazikutani sawasawa. Isitoshe, kila kiwanda kina kalibu zake, yaani ule mguu wa mti au plastiki ambao kiatu hujengwa juu yake. 42 ya kiwanda kimoja inaweza kukukaa kama 41 ya kingine.

Upana ndio unaotusumbua zaidi. Mimi nilikwenda shule pekupeku, na mguu wangu umetanuka mbele. Mtu wa namna yangu huongeza namba ili apate nafasi ya vidole, kisha kisigino kinaanza kupanda na kushuka kila hatua. Hilo si suluhisho. Kwenye viatu vya Kiingereza tafuta herufi iliyo kando ya namba: F ni upana wa kawaida, G ni mpana zaidi. Na kama mgongo wa mguu wako umeinuka, chagua dabi, ambayo mabawa ya kamba yameshonwa juu ya kiatu na yanafunguka. Oksfodi, ambayo mabawa yake yamefungiwa chini, ni nadhifu zaidi kwa suti lakini haina huruma. Ukiifunga oksfodi mpya, mabawa yasigusane kabisa. Acha nafasi ndogo, maana ngozi italegea.

Sasa kuna tatizo la saa. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo kiatu hupimwa jioni. Lakini kwenye soko la mitumba la Gikomba bela, yaani marobota ya mitumba, hufunguliwa alfajiri, na wanaotaka kamera, ile mali ya kwanza isiyochakaa, hawafiki saa nne. Dawa yangu ni katoni. Jioni, ukiwa na soksi za kazini, simama juu ya kipande cha katoni, mwombe mtu auchore mguu, kisha ukate. Asubuhi unaweka katoni hiyo chini ya soli ya kiatu unachokitaka. Ikichungulia nje pembeni, rudisha kiatu, hata kama muuzaji anakwambia kitatanuka. Kutanuka kitatanuka kidogo upande, urefu hauongezeki.

Soli

Siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu huko Murang'a nilivaa viatu vilivyokuwa vimekaa kabatini miaka mitano bila kuguswa. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nikiacha makombo meusi kwenye nyasi kama ya keki iliyokauka, na watoto wakinifuata wakiyaokota. Ilikuwa soli ya poliyurethani, ile povu nyepesi inayopendeza mguuni. Unyevu wa hewani huila taratibu, hata ikiwa ndani ya boksi. Kwa hiyo kiatu cha mtumba kinachoonekana hakijavaliwa, chenye soli ya povu, ndicho cha kuogopa kuliko vyote. Bonyeza kwa ukucha. Ikinata, au ikibaki na alama, au ikitoa mpasuko mdogo pembeni, irudishe.

Kwa jiji hili nazipanga hivi. Ya kwanza ni raba nyembamba yenye vitufe vidogo vya duara. Waingereza wanaiita Dainite. Ukiitazama kutoka pembeni huwezi kudhani ni raba, na haikuangushi kwenye vigae vya benki siku ya mvua. Ya pili ni soli ya ngozi iliyobandikwa nusu raba na fundi. Ya tatu ni ngozi tupu: tamu juu ya zulia, lakini kati ya Machi na Mei hunywa maji ya barabarani mpaka soksi. Povu ni ya mwisho.

Muhimu kuliko aina ya soli ni jinsi ilivyoshikwa. Tafuta ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu, welti. Ngozi ya juu hushonwa kwenye welti, halafu soli nayo hushonwa kwenye welti kwa uzi mwingine. Soli ikiisha, fundi anakata uzi wa nje peke yake na kiatu kinabaki kizima. Mashine ya kazi hiyo ilipewa jina la Charles Goodyear mdogo wa Marekani, katika karne ya 19. Kabla yake, mwaka 1858, Lyman Blake alipata hataza ya mashine inayoshona soli kwa uzi mmoja unaopita kutoka ndani hadi nje. Kiatu cha Blake ni chepesi na hukunjika vizuri, ila maji hupenya kwa njia ya uzi. Utakitambua ukiinua kitambaa cha ndani: mstari wa uzi uko pale, chini ya nyayo yako.

Jihadhari na welti ya uongo. Ni ukanda wa plastiki uliochorwa mishono, umegundishwa ili kukupendeza. Pitisha ukucha juu ya mishono hiyo. Uzi wa kweli una mashimo na hukwaruza. Wa uongo ni mteremko mmoja laini. Halafu geuza kiatu uone kama mishono imetokea upande wa pili.

Ngozi

Muuzaji atawasha kiberiti na kupitisha moto kwenye ncha ya kiatu. Mwache afurahi. Moto wa nukta moja haukuambii chochote, kwani mipako mingi huustahimili. Wewe inua ulimi wa kiatu utazame ukingo uliokatwa: ngozi huonyesha nyuzi zilizosokotana, plastiki huonyesha kitambaa chini ya rangi. Kisha kunja kiatu palipo pana. Ngozi nzuri hufanya mikunjo midogo mingi. Iliyopakwa plastiki nzito hufanya mkunjo mmoja mkubwa, kama karatasi ya manila, na ndipo itakapopasuka.

Viatu vya mtumba kutoka Ulaya vina msaada wa ziada. Tangu sheria yao ya 1994 hubandikwa kibandiko chenye michoro: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi, wavu ni kitambaa, almasi ni kitu kingine. Umbo la ngozi lenye almasi ndani ni ngozi iliyopakwa. Michoro iko kwa ngozi ya juu, bitana na soli, kila moja peke yake. Mimi hutazama bitana kwanza. Kiwanda kilichoweka ngozi mahali pasipoonekana hakikubania kwingine.

Ngozi za mifugo wetu mara nyingi zina alama za chapa, kupe na miiba, kwa hiyo viwanda husugua uso wake na kuupaka rangi kabla ya kuuza. Bado ni ngozi, inadumu, ila haizeeki kwa uzuri. Swedi, ngozi ya vinyweleo laini, niliipenda, halafu nikakutana na vumbi la Juja Road.

Wapi, kwa mpangilio wangu

Nambari moja ni Gikomba au soko la Toi, mtumba wenye welti. Jozi yangu bora nililipa elfu mbili na mia tano baada ya nusu saa ya kubishana, na soli nimebadilisha mara mbili. Kagua visigino: kikiwa kimeliwa upande mmoja, umenunua mwendo wa mtu mwingine. Weka mkono ndani pia. Shimo la kidole gumba cha mwenyewe wa kwanza halizibiki.

Nambari mbili ni kushonesha. Mafundi wa Kariokor wanajua ngozi, na mguu mpana hupata hapa heshima usiyoipata dukani. Lakini nenda na kiatu cha mfano, kubalianeni soli itashonwa au itagundishwa, na toa malipo kwa awamu. "Kesho" ya fundi ina maana nyingi.

Nambari tatu ni kiatu kipya cha ngozi cha kiwanda cha hapa nchini. Soli nyingi zimegundishwa, si za kubadilisha mara tatu, lakini unajaribu namba zote ukiwa umekaa, na kiatu kikikubana unarudi.

Nambari nne ni vile vya kung'aa kama kioo kwenye vibanda vya Moi Avenue na Luthuli. Kama ni vya shughuli ya siku moja, heri uazime. Mimi nina shemeji mwenye jozi nzuri sana nyeusi, ila inanibana.