Nyambizi ya dizeli na ya nyuklia: ipi ijifiche Mkondo wa Pemba?

Mkondo wa Pemba, bahari kati ya kisiwa cha Pemba na bara, unashuka karibu mita 800. Nyambizi nyingi za kivita zingepondwa na maji kabla ya kugusa chini, kwani kila mita 10 huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa sentimita ya mraba.

Zote mbili huzama kwa kujaza matangi maji. Tofauti ni nguvu. Injini ya dizeli hutaka hewa, kwa hiyo chini hutumika betri: mwendo wa polepole siku kadhaa, mbio kali saa chache tu. Maji ya chumvi yakifikia betri za madini ya risasi, hutoka klorini, gesi inayoua.

Ya nyuklia huzungusha rafadha, pangaboi la kuisukuma, kwa mvuke wa joto la nyuklia, bila kuhitaji hewa. Kikomo chake ni chakula cha mabaharia. Lakini pampu zake huvuma na adui aweza kusikia, ilhali betri ni kimya. Kwa kujificha, bora dizeli.