TAHADHARI: yule mzee wa Nyamakima, Nairobi, aliyekuwa anapokea mizigo ya maafisa wa polisi wa Kenya waliotumwa Haiti ni mwizi

Wasee, nimekaa na hii kitu wiki tatu nikiona aibu kuiandika. Jana jioni mama mmoja wa hapa Umoja akaniuliza kama ile namba ya simu ya huyo mzee niliyompa Februari bado inafanya kazi, anataka kumtumia bwanake soksi na dawa ya miguu, na tumbo likanikata hapo hapo kwenye ngazi juu namba alipewa na mimi. Kwa hivyo kama uliipata kwangu ama kwa mtu aliyeipata kwangu, tafadhali usitume hata shilingi moja.

Dogo wangu mnamjua, ni polisi, alienda Haiti na wale wa kwanza kabisa Juni 2024. Na ya Desemba mnayajua, tulizika mwaitu, mama yetu, wengi mlikuwa nasi Machakos na mliona ule upande wa dogo ulivyokaa wazi pale kaburini, sitarudia. Tangu hiyo siku akipiga simu haongei, anauliza tu ng'ombe wako aje, halafu ananyamaza. Mimi ndiye mkubwa wake. Nikasema lazima nimfikishie kitu cha mwaitu mkononi, ata kama ni kimoja.

Namba niliitoa kwa mama mmoja wa chama chetu, naye si mtu wa maneno mingi, alisema huyo mzee alistaafu GSU, kile kikosi cha polisi, na anapeleka mizigo na vijana wanaoondoka, kilo moja 850. Baadaye ndio nimejua ata yeye hakuwahi kutuma, aliambiwa tu. Lakini hiyo wiki kila kitu kilikuwa kinaingiana. Tulikuwa tumeona kwenye habari wale maafisa 217 wameenda Januari hiyo hiyo ya 2025, na mzee akaniambia kwa simu wengine wanatoka wiki ijayo, na kweli wakatoka, 144, mkaona wenyewe. Sasa mtu akikuambia kitu Alhamisi na Alhamisi inayofuata kinatokea kwa TV, utasema anadanganya?

Nilienda tarehe 30 Januari, Alhamisi, saa nane mchana baada ya kuomba ruhusa kazini. Ni zile eksibishoni za ghorofa, unapanda hadi ya tatu, chumba cha mwisho. Ukutani kuna bereti imening'inizwa kwa msumari, bendera ndogo ya Kenya kwa meza, na kartoni kama ishirini zimepangwa hadi karibu na dari, kila moja imeandikwa jina na namba kwa maka peni. Hizo kartoni ndizo zilinimaliza, juu nilisoma majina, nikaona majina ya Kimeru, ya Kikalenjin, ya Kisomali, nikasema hawa wote ni watoto wa watu na watu wao wamekuja hapa kama mimi. Leo najiuliza kama ndani kulikuwa na kitu ama ni magazeti.

Alinisalimia kwa Kiswahili, akasikia venye natamka, akageuza Kikamba. Akaniuliza ni wa wapi, nikamwambia, akataja ata soko letu. Akaniwekea kiti. Nilikuwa nimebeba muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) kilo mbili, unga wa wimbi kilo mbili, asali ya Kitui chupa mbili, majani ya chai, Royco, fulana nne, pawabenki, na ile programu ya mazishi. Na Biblia ya mwaitu. Ile ya Kikamba, mnaijua, haikuwa inaondoka kwa kabati.

Nilipoitoa huyo mzee alivua kofia. Naapa alivua kofia, akaishika na mikono miwili, akaniuliza "ni ya marehemu?" kabla sijasema lolote, labda aliona ile programu. Halafu akachukua leso niliyokuja nayo akaifunga polepole, akaiweka katikati ya zile fulana ndio isiumie, akapiga seloteipu mara tatu. Mizani ikasoma 11.4, akaandika 11, akasema hiyo ingine ni heshima ya mwaitu. Nililia hapo mbele yake. Akanipa maji ya kunywa. Hiyo ndiyo dakika inanirudia usiku. Najua mtu mwizi anaweza kuchukua pesa yako. Sikujua anaweza kukupa na maji.

Halafu akasema, "usimwambie kijana, acha iwe sapraizi, akifungua asikie harufu ya nyumbani." Nikaona ni wazo zuri sana. Nilinyamaza mwezi mzima. Dogo akipiga nabadilisha stori ili nisiteleze nikasema.

Akaniitisha namba ya kazi ya dogo, ile yake ya polisi, ati bila hiyo mzigo hauwezi kugawanywa kule kambini. Nikampa. Nikalipa 9,350. Nilimuuliza kama ana Lipa na M-Pesa ama ata Pochi la Biashara, akasema zinasumbua, nitume tu kwa namba, na jina lililotokea kwa skrini lilikuwa la mwanamke, akasema ni ya bibi yake. Nilikuwa nimelia, nilikuwa nataka kurudi kazini, nikabonyeza.

Tarehe 7 Februari meseji: mzigo umekwama Miami, ushuru 4,500. Nikatuma. Kuna linki pia ya kufuatilia mzigo, inakuonyesha kagari kanatembea. Sasa niulize, kama mzigo umebebwa na afisa kwenye ndege yao, umefika Miami kufanya nini? Hilo swali halikunijia. Nilikuwa naona tu Biblia ya mwaitu kwa ghala ya watu wageni.

Halafu ile Jumapili, tarehe 23 Februari, tukasikia afisa wetu mmoja ameuawa Artibonite, huko huko Haiti. Wale mko na watu kule mnajua hiyo usiku ilikuwa aje kabla jina litoke. Mimi niliketi chini jikoni na simu mkononi hadi dogo akaandika "niko sawa". Jumatatu asubuhi, saa tatu haijafika, huyu mtu akanitumia meseji, pole kwa msiba wa vijana wetu, sasa kule mambo yamekuwa magumu, ongeza 6,200 ya kunyunyizia dawa chakula ndio mzigo utoke haraka umfikie kijana akiwa hai. Aliandika hivyo. Akiwa hai. Nilichukua mkopo wa Fuliza nikatuma nikitetemeka.

Hiyo pesa ya pili na ya tatu naweza kusamehe siku moja, lakini hayo maneno mawili siwezi. Mama wa yule kijana alikuwa hajazika, na mtu amekaa mahali anahesabu nani ana ndugu kule ndio amtishe. Hii si wizi wa kawaida. Mwizi wa simu kwa matatu ananyakua anakimbia, hakai na wewe akakusaidia kufunga vitu vya mamako. Huyu anafaa ashikwe, apelekwe pale nje ya lango maafisa wakirudi, na kila mmoja amuangalie usoni. Anafaa asimame mbele ya watoto ambao baba zao walingoja kartoni haikufika. Kituoni niliambiwa kupata mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 na ni miaka mitatu. Mitatu! Na kila mtu aliyedanganywa, mwaka wake uko wapi?

Jumla ni 20,050. Machi mosi akaitisha 12,000 ati mzigo umefika Port-au-Prince unalipiwa kodi ya kulala. Hapo sikuwa nayo. Jumapili usiku saa mbili, kule ni saa sita mchana, nikampigia dogo nikamwambia sapraizi imeharibika, nisaidie, enda uchukue tu. Akauliza, "mzigo gani?" Nikamweleza. Akanyamaza hadi nikafikiri simu imekatika.

Akaniambia kambi yao iko pale pale karibu na uwanja wa ndege. Akaniambia tangu Novemba 2024 magenge yalipopiga ndege ya abiria risasi, Wamarekani walizuia ndege zao kutua Port-au-Prince, na hakuna ndege ya biashara kutoka Miami inaleta kartoni ya muthokoi hapo. Hakuna ofisi ya kulipia. Hakukasirika juu ya pesa. Alikasirika nilipomwambia nimetoa namba yake ya kazi. Ya Biblia hakusema kitu, aliuliza tu kama ilikuwa ile ya kabatini.

Kesho yake nilipanda zile ngazi tena. Chumba kinauza viatu vya mitumba. Mama wa chai wa pale chini alisema mzee alihama katikati ya Februari na kabla yangu walikuwa wamekuja wengine wanne wakimuulizia, mmoja mzee kabisa na bakora. Namba inaita, haishikwi, na kwa WhatsApp amenibloku.

Kwa hivyo angalieni. Ukiambiwa usimwambie mwenye mzigo, hapo kimbia, juu yule aliye kule ndiye angekuambia ukweli kwa simu moja. Jina la M-Pesa likitokea tofauti na mtu aliye mbele yako, usibonyeze. Huyu alipokea ata pawabenki ndani ya kartoni na hakusema neno, na anayepakia ndege kweli atakukataza, hiyo haiwekwi kwa mzigo wa chini ya ndege. Hakunipa risiti, aliandika kwa daftari lake. Sikuomba kuongea na huyo afisa anayebeba. Namba ya kazi usimpe mtu. Na kama umetuma leo, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 ya Safaricom saa hiyo hiyo ndio wairudishe, mimi nilichelewa na pesa ilikuwa imetolewa. Namba ya mkora tuma kwa 333. DCI, wale wapelelezi wa polisi, ni 0800 722 203, ni ya bure, pigeni wengi, juu kituoni nilikoandikisha ripoti (OB) niliambiwa mlalamishi ni mimi peke yangu na najua si kweli, nilisoma hayo majina kwa kartoni. Kama wewe ni mmoja wao niandikie inboksi twende pamoja, na usione aibu, mimi nimeshaimaliza hapa.

Na kuna hii. Wale mko Nyamakima, Kirinyaga Road, Gikomba, wale mnauza vitabu vya zamani pale chini barabarani. Huyo mtu asali atakula na fulana atauza, lakini Biblia ya Kikamba hana kazi nayo, ataitupa ama ataiuza shilingi hamsini. Ina gamba jeusi, mgongo umeshonwa kwa uzi wa kijani, na ukurasa wa kwanza kuna majina sita na tarehe za kuzaliwa kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, la mwisho ni la dogo. Ukiiona nitainunua kwa bei yoyote utasema. Sitauliza umeitoa wapi.