TAHADHARI: Uyoga "wa kichuguu" uliokaushwa unaotangazwa WhatsApp

Ndugu zangu, kuna muuzaji anayezungusha tangazo kwenye magrupu: uyoga wa kichuguu, umekaushwa, unatumwa kwa basi mkoa wowote, lipa kwanza. Bei yake iko chini sana ya ile ya sokoni.

Jirani yangu alinunua, nikaufungua mfuko kwa mikono yangu. Umekatwakatwa vipande vidogo mithili ya kucha, hakuna kofia nzima wala shina. Hapo ndipo penye shida. Uyoga wa kichuguu halisi unajulikana kwa mzizi wake mrefu unaoshuka hadi ndani ya kiota cha mchwa. Ule wa jamii ya Amanita, yenye aina za uyoga wenye sumu kali, huwa na kifuko chini ya shina, na mara nyingi pete juu yake. (Wapo Amanita wanaoliwa, lakini anayeujua huuchuma mzima.) Ukishakatwa, hata bibi aliyezeeka akichuma uyoga hawezi kukuambia umeshika nini.

Tulipompigia, jibu lilikuwa, "Mama, tumeshaupima kwa kitunguu saumu, hakikubadilika rangi." Huo ni uongo mtupu! Sumu haipimwi kwa kitunguu, wala kwa sarafu, wala kwa kuangalia kama konokono wameutafuna. Tulipodai hela, akatubloku. Sasa anatumia namba nyingine.

Msidanganyike kwamba kukausha au kuchemsha kunasaidia. Sumu ya Amanita phalloides, mmoja wa jamii hiyo, haiharibiwi na moto wala jua, na nusu ya uyoga mmoja inaweza kumuua mtu mzima. Watu watatu walikufa baada ya mlo mmoja wenye uyoga huo huko Leongatha, Australia, mwishoni mwa Julai 2023.

Ubaya wake ni kwamba hauumi mapema. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, wakati umeshasahau ulikula nini. Kisha mgonjwa hupata nafuu, watu wanashukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Kwa hiyo aliyekula akianza kutapika, msimnyweshe maziwa mkasubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali na mabaki ya uyoga, hata kama amepata nafuu, na mtaje saa aliyokula.

Mwenye mfuko huo nyumbani aufukie mbali na watoto. Kuku nao wasipewe.