Mauntingi za injini kwa gari la michezo la zamani: zipi ununue, zipi uziache dukani

Mwenye gari la michezo la miaka ya 1980 au 1990 akianza kusikia kishindo kila anapoachia klachi, wazo la kwanza huwa kuagiza mauntingi (vile vishikizo vya raba na chuma vinavyobeba injini) ngumu kuliko za kiwandani. Anaona raba imekatika, anahukumu kwamba raba ni dhaifu. Kumbe raba hiyo imebeba injini miaka 25 au 30, imeokwa na joto la bomba la moshi, imelowa oili, ndiyo sasa imechoka. Magari mengi ambayo wenyewe wanadhani yanataka mauntingi ngumu yanataka mauntingi mpya tu. Nimepanga orodha hii kwa kuanzia hapo.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ugonjwa ni huo. Vuta breki ya mkono, fungua boneti, mwenzako akae kwenye usukani akiwa amekanyaga breki, aachie klachi kidogo kwenye gia ya kwanza, halafu kwenye rivasi. Wewe simama pembeni, kamwe usikae mbele wala nyuma ya gari. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka upande mmoja kisha ikarudi kwa kishindo, raba imeachana na chuma. Chukua tochi uchungulie pale raba ilipogandishwa kwenye bamba: ufa unaopitisha ukucha unatosha kuihukumu. Kwa mauntingi zenye majimaji ndani, kama za Porsche 944, tafuta michirizi myeusi iliyokauka chini ya mauntingi. Injini iliyoshuka pia hujisema, kwa mfano feni kuanza kukwangua kava yake. Mtetemo peke yake si ushahidi. Plagi moja isiyochoma vizuri hutikisa gari vilevile, na bei yake ni ndogo zaidi.

Ninayoiweka ya kwanza ni raba mpya ya kiwandani, au ya kampuni inayovitengenezea viwanda vya magari. Kwa magari ya Kijerumani majina kama Lemförder na Corteco ni ya kuaminika. Sababu si mapenzi ya nembo. Injini ya silinda nne za mstari hujitikisa yenyewe mara mbili kwa kila mzunguko. Ikinguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko kama 27 kila sekunde, na ulaini wa raba ulipimwa ili mitikisiko hiyo isifike kwenye kiti na usukani. Si jambo dogo. Mwaka 1931 Plymouth ilipoanza kuuza magari yenye injini iliyokaa juu ya raba kwa mpangilio maalumu, iliufanya mpangilio huo kuwa tangazo lake kubwa, ikauita Floating Power, na Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kuutumia.

Kuna mtego mmoja hapa. Kwa magari ya zamani utakutana na mauntingi halisi, ndani ya boksi lake, ila imekaa stoo miaka 20. Raba huzeeka hata ikiwa haijafanya kazi. Igeuze uangalie: nyingi zina duara dogo lililochongwa mithili ya saa, katikati mwaka, na mshale unaoonyesha mwezi. Ikiwa mwaka huo ni wa mbali, au ukiibonyeza raba kwa kidole gumba inaonyesha nyufa nyembamba kama nywele, irudishe hata kama boksi linang'aa.

Ya pili, na kwa anayeendesha kwa nguvu mara kwa mara inaweza kuwa ya kwanza, ni raba ngumu kidogo kutoka idara za mashindano za viwanda vyenyewe: Nismo ya Nissan kwa Silvia na Skyline, au zile za Mazda za mashindano kwa MX-5. Bado ni raba, kwa hiyo inavumilia joto na kuzeeka kwa mwendo unaotabirika, ila gia zinaingia kwa uhakika zaidi. Mwenye MX-5 ya kwanza, ile iliyotoka 1989, ajue jambo moja. Giaboksi ya gari hilo haina mauntingi yake. Imefungwa kwenye difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) kwa fremu ndefu ya alumini. Mauntingi mbili za injini ndizo zinazobeba kazi kubwa, na ugumu wowote utakaoongeza utausikia siku hiyohiyo.

Ya tatu ni poliyurethani, plastiki inayonyumbulika kama raba. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu "poli" si kitu kimoja. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A: raba nyingi za kiwandani zinacheza karibu na 50 hadi 60, wakati poliyurethani huuzwa kuanzia 60 na kitu hadi 95. Ile ya 70 unaweza kuishi nayo. Ile ya 95 itakutetemeshea kioo cha nyuma kila unaposimama kwenye taa. Muuzaji asipoweza kukutajia namba, akabaki kusema "ni ya mashindano", tafuta mwingine. Injini nayo ina lake: silinda sita za mstari hujisawazisha zenyewe, hivyo mwenye BMW au Supra ya aina hiyo atavumilia ugumu ambao mwenye silinda nne ataulaani. Poliyurethani pia haipendi joto kali. Mauntingi ikiwa jirani na bomba la moshi, kinga ya joto lazima irudi mahali pake, na si kutupwa pembeni kwa sababu bolti yake imeota kutu.

Za nne ni raba za bei rahisi zisizo na jina. Kwa gari unalotaka kuliuza, sawa. Kwa gari unalolipenda, utalipa gharama ya kufungua na kufunga mara mbili.

Wenye V8 za Kimarekani, injini za silinda nane, wana la ziada. Desemba 1971 General Motors iliyaita gereji kwa marekebisho takriban magari milioni 6.7 ya Chevrolet ya 1965 hadi 1969, Camaro zikiwemo, kwa sababu mauntingi ikikatika injini ilinyanyuka, ikavuta kiungo cha pedali ya mafuta na gari likachomoka lenyewe. Tangu hapo kuna mauntingi ambazo vyuma vyake vimeshikana, hata raba ikikatika injini haiondoki. Kwa gari la namna hiyo usinunue nyingine yoyote.

Za chuma au alumini tupu ziachie gari la mashindano. Za mitumba usiziguse. Ni raba ya umri uleule iliyotoka kwenye gari jingine. Na ule mtindo wa kumimina poliyurethani ya maji ndani ya mauntingi kuukuu hufaa pale tu ambapo mpya haipatikani popote, na raba ya zamani bado imeshika chuma.

Nunua seti nzima, pamoja na ya giaboksi. Mpya moja kati ya kuukuu hubeba mzigo wa wenzake na kufa mapema. Usichanganye raba laini kwenye injini na chuma tupu kwenye giaboksi: injini itacheza, giaboksi itakataa, na sikio la giaboksi, pale inapofungiwa bolti, ndilo litakalopasuka.

Siku ya kufunga, fundi aweke kipande cha mbao kati ya jeki na sampo (bakuli la oili chini ya injini). Bolti zipachikwe zote kwa mkono kwanza, injini iteremshwe ikae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukikaza ikiwa inaning'inia, raba inaanza maisha ikiwa imepindwa. Waya wa athi kati ya injini na bodi uangaliwe papo hapo, maana raba haipitishi umeme, na waya ukiwa umekatika umeme wa stata hutafuta njia kupitia kebo ya klachi au ya mafuta. Injini ikikaa juu kuliko ulivyoizoea kwa sababu ya mauntingi mpya, shusha boneti taratibu mara ya kwanza.