PARI/GP: kwa anayependa kuchambua namba kubwa, hii ndo yenyewe

Kama we ni mtu wa kuchimba namba kubwa achana na kikokotoo cha simu, chukua PARI/GP. Ni programu ya kompyuta ya bure, ilianzia Bordeaux huko Ufaransa miaka ya 80, na mpaka leo watu wa nadharia ya namba bado wanaitumia.

Mfano chukua 147573952589676412927, yaani 2 kipeo cha 67 ukitoa 1. Tarakimu 21. Ukiipesti kwenye programu za majedwali za kawaida kama Excel inageuka 147573952589676000000, tarakimu sita za mwisho zimeliwa na wala huonywi, sasa hapo ukiuliza kama inagawanyika kwa 5 unaambiwa ndiyo wakati namba ya kweli inaishia na 7! Hili linaniudhi sana, maana ukikosa tarakimu moja tu tayari unaongelea namba nyingine kabisa. GP haipunguzi kitu, ziwe tarakimu 20 au 2,000.

Unaandika factor(2^67-1), enta, hujapepesa macho jibu hilo hapo: 193707721 na 761838257287, kila moja na kipeo chake 1 pembeni. Mwanahisabati Mfaransa Mersenne mwaka 1644 aliihesabu hii kuwa namba tasa, Mfaransa mwenzake Lucas mwaka 1876 akaonyesha sio tasa ila vigawo vyenyewe hakuvipata, ikakaa hivyo mpaka 1903 Frank Nelson Cole alipovitoa mbele ya wanahisabati wenzake New York. Kwa mkono jamani, bila mashine! Kila nikiona jibu linavyotokea fasta ndo namheshimu zaidi Cole.

Mengine nayo yapo: amri ya numdiv inakupa idadi ya vigawo (hapa 4, ukihesabu na 1 pamoja na namba yenyewe), sumdigits inajumlisha tarakimu (109, nayo tasa), binary inaiandika namba kwa moja na sifuri tu, hapa inakutolea moja 67 zimepangana bila sifuri hata moja. Ila utamu wenyewe uko hapa, chukua vile vigawo tasa viwili, kila kimoja kigawe kwa 134, yaani 67 mara mbili, vyote vinabakiza 1. Na wala sio bahati, kipeo kikiwa tasa kubwa kuliko 2 lazima iwe hivyo, jaribu 2^11-1 utapata 23 na 89, zote ukigawa kwa 22 zinabakiza 1.

Kasoro zipo. Hakuna vitufe vya kubonyeza, ni kuandika amri tu, na maelezo yake ni Kiingereza. Halafu vigawo vikubwa vinavyotoka kwenye factor ni vizuri uvipitishe kwenye isprime, amri ya kuhakiki utasa, kwa sababu isipokuwa umebadili setingi factor haivitolei uthibitisho kamili kuwa ni tasa. Na usiilaumu ukiipa namba yenye tarakimu mamia iliyotokana na tasa mbili kubwa, RSA-2048, namba maarufu ya aina hiyo, ina tarakimu 617 na hakuna aliyewahi kutangaza kuwa ameipata vigawo vyake.

Wa Android wana PariDroid, na kama hutaki kuinstoli chochote inafunguka hata kwenye brauza.