Dabo besi langu la plaiwudi: nimekataa kuliuza

Miaka kumi na moja nimelibeba besi hili, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, kuanzia harusi za Kaole hadi mazoezi ya jioni hapa Dunda, Bagamoyo. Mwezi uliopita mpigaji mwenzangu wa Dar alitaka kulinunua, nami nikashawishika kuongeza pesa nichukue la mbao ya kuchonga.

Hilo la kuchonga nililijaribu tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa upinde, jamani, ni tamu! Uzi mnene wa E unakufika kifuani na mlio unakawia kufa. Langu kwa upinde hukoroma kidogo, nakiri. Ila kwa vidole, kwenye taarabu, linatoa pigo fupi lililoshiba, na ndiyo kazi ninayoitiwa.

Kilichonirudisha nyuma ni ufa. Kando ya tundu la sauti, usoni, nilipapasa mstari wa urefu wa shibiri uliozibwa kwa gundi. Mbao ya kipande kimoja huvimba masika na kunywea kiangazi, na hapa tunaishi na upepo wa bahari. Plaiwudi ni tabaka zilizopishanishwa, haipasuki ovyo. Langu liliachia gundi ubavuni tu. Seremala wa jirani akalibana usiku kucha, kisha tukakisimamisha upya kile kijiti cha ndani kinachounganisha uso na mgongo, karibu na mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upande wa uzi wa G. Sauti ikafunguka palepale.

Pesa niliyotaka kuongeza nimeagizia nyuzi mpya za chuma.